Kubadilisha Spea Si Kutengeneza

Gari likichemsha barabarani katika nchi yetu, kila apitaye ni daktari. Utingo wa lori atasema ni rejeta. Mwenye pikipiki atasema ni pampu ya maji. Mzee aliyewahi kuendesha Land Rover ya serikali miaka ya sabini atasema toa thamostati, huku kwetu kuna joto. Na mwenye gari, akiwa amesimama pembeni na chupa ya maji mkononi, atayakubali yote matatu kwa zamu na kuyalipia yote matatu kwa zamu. Atakayeuliza swali hayupo. Tabia hiyo ndiyo ninayotaka kuipiga vita katika kurasa hizi chache, na nitaipiga bila huruma, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa askari wake, na hasara yake haikuishia mfukoni mwangu.

Mimi si fundi. Nilifundisha kwa miaka 37, na kumi ya mwisho nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, kazi ambayo haimfundishi mtu kufungua hata nati moja. Ninachokijua kuhusu injini nimekijua kwa kulipa, kwa kusoma baada ya kulipa, na kwa kuketi juu ya kigogo chini ya mti nikimtazama mtu mmoja akifanya kazi. Lakini nimesahihisha madaftari mengi maishani, na jibu lililopatikana kwa kubahatisha nalijua hata likiwa limeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Mwaka 2019 nilikuwa na Toyota Corolla ya mwaka 1996, niliyoinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo changu. Tunaishi Korogwe, na mke wangu ni mtu wa Lushoto. Anayeijua njia hiyo ananielewa. Kutoka Korogwe hadi Mombo barabara haina taabu, unakwenda utakavyo. Pale Mombo unaiacha barabara kuu na kuanza kupanda milima ya Usambara, kona baada ya kona, korongo upande mmoja na mwamba upande wa pili, kilomita zaidi ya 30 kupitia Soni, mara nyingi ukiwa nyuma ya lori linalojikongoja kwa gia ya kwanza. Hapo ndipo gari husema ukweli wake.

Siku moja tangi la plastiki la rejeta lilipata ufa, maji yakavuja. Ugonjwa huo ulionekana kwa macho na hapakuwa na ubishi. Gereji moja mjini ikaniwekea rejeta nyingine, iliyotumika lakini nzima. Ili kuitoa ile ya zamani, ilibidi feni ya umeme iliyofungwa nyuma yake itolewe pia. Soketi ya nyaya za feni ilikuwa imekauka kwa uzee, ikavunjika mkononi mwa fundi. Basi nyaya zikakatwa, na baadaye zikaungwa na kuzungushiwa tepu. Haya yote yalifanyika mbele yangu, nikiwa nimeketi pale pale nasoma gazeti. Yashike, ndugu msomaji. Mimi sikuyashika.

Gari likawashwa, likaunguruma nusu saa, mshale wa joto ukatulia katikati, feni ikazunguka. Nikaenda Mombo na kurudi, salama. Jumapili iliyofuata tukapanda kwenda Lushoto. Kabla hatujafika Soni, mshale ulikuwa umegusa alama nyekundu na mvuke ukitoka chini ya boneti.

Nikarudi gereji. Hakuna aliyeniuliza lilichemshia wapi, nilikuwa katika gia gani, kwa mwendo gani. Nilisema, “Linachemsha.” Wakasema, “Pampu.” Nikanunua pampu. Likajaribiwa gereji, salama. Likajaribiwa barabara kuu, salama. Likapandishwa mlima, likachemsha. Nikarudi tena. Safari hii wakasema thamostati, na wala haikubadilishwa. Ilitolewa ikatupwa, kwa maelezo kwamba kifaa hicho Wazungu walikiweka kwa ajili ya baridi yao. Gereji, salama. Barabara kuu, salama. Mlimani, likachemsha mapema kuliko kwanza. Sasa yakaanza maneno ya kufungua silinda hedi. Kufikia hapo nilikuwa nimetumia zaidi ya shilingi 400,000, na tulichokijua kuhusu ugonjwa ule kilikuwa kile kile tulichokijua siku ya kwanza.

Kisha tukafiwa. Kaka mkubwa wa mke wangu alifariki, na maziko yakapangwa saa kumi alasiri. Mabasi ya asubuhi yalikuwa yamekwisha kupita, nikaamua kujaribu bahati. Mwenye gereji akanipa kijana wake anayejifunza kazi, wa miaka 18, atusindikize na madumu mawili ya maji. Tulipoanza kupanda, gari likachemsha kama kawaida yake. Mke wangu alikuwa nyuma, amejifunika kanga, hasemi neno. Nikatazama saa: saa nane na nusu.

Yule kijana akasema, “Mwalimu, tungoje lipoe kidogo.”

Nikamjibu kwa sauti ile ile niliyoitumia kwa miaka mingi kwenye mistari ya asubuhi, “Fungua tuongeze maji, tunachelewa.”

Akazungushia mkono kitambaa, akafungua.

Mfuniko wa rejeta hauko pale kwa ajili ya kuzuia maji yasimwagike tu. Una springi inayoyabana maji yasipande kuwa mvuke. Pwani, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 100 za joto. Kule Lushoto, yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Lakini yakibanwa na mfuniko mzuri yanaweza kupita nyuzi 110 na bado yakabaki maji. Ukiufungua ghafla, kile kilichokuwa kinayabana kinaondoka, na sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha mengine juu. Hesabu hizi nilikuwa nimezisoma nikiwa shule. Nilizijua. Zikamrukia yule kijana mkononi, begani na shingoni.

Mke wangu alikuwa wa kwanza kufika, akammiminia maji ya madumu yale yaliyoletwa kwa ajili ya injini. Gari dogo la mizigo lililokuwa likishuka na kabichi likatuchukua hadi kituo cha afya Mombo. Nilimwambia mke wangu apande gari lolote linalokwenda Lushoto, amwahi marehemu. Alikataa. Akasema mtoto huyu ana mama yake, na mama yake hayupo hapa. Kwa hiyo kaka yake alizikwa yeye akiwa ameketi kwenye benchi la kituo cha afya, amemshika kijana wa watu mkono wa pili.

Mimi nilitumwa nikalitoe gari barabarani. Injini ilipopoa tukalishusha hadi Mombo, na huko nikaonyeshwa fundi mmoja anayefanya kazi chini ya mwembe. Alikuwa mtu wa makamo, na elimu yake ni ya darasa la saba, kama alivyoniambia mwenyewe. Alinisalimu, akanipa pole ya msiba na pole ya kijana, kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miezi miwili. Hakufungua boneti. Alikaa.

“Mzee, linachemsha lini?”

“Kila wakati,” nikamjibu, kwa hasira kidogo.

“Leo lilichemsha kabla ya Mombo?”

“Hapana.”

“Likisimama linaunguruma, linachemsha?”

“Hapana.”

“Basi halichemshi kila wakati. Linachemsha likipanda polepole. Na ugonjwa huu ulianza lini?”

“Tangu libadilishwe rejeta.”

“Kabla ya hapo lilikuwa linapanda?”

“Miaka minne, bila taabu.”

“Walipobadilisha rejeta waligusa nini kingine?”

Hapo ndipo nilipoikumbuka soketi iliyovunjika. Nikamwambia habari za nyaya. Akaniomba kipande cha karatasi. Niliyokuwa nayo mfukoni ni risiti ya pampu ya maji, nikampa. Akawasha gari, akangoja feni ianze, akaishika ile risiti mbele ya gari, karibu na rejeta. Feni ikifanya kazi yake, huvuta hewa kutoka mbele kuipitisha kwenye rejeta, na karatasi hunasa pale kama imegundishwa. Risiti yangu ilisukumwa nje, ikaangukia mavumbini.

Feni ilikuwa inazunguka kinyume. Nyaya mbili ziliungwa moja mahali pa nyingine, na mota ya aina hiyo ukiigeuzia nyaya hugeuza mzunguko wake. Mambo yote yakajieleza. Gari likiwa limesimama gereji, feni ile, ingawa imegeuzwa, ilikuwa bado inapitisha upepo kidogo kwenye rejeta kwa upande wa pili, ikatosha kwa injini isiyo na kazi. Barabarani kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, upepo wa safari ulikuwa mkali kiasi cha kuishinda. Lakini kwenye mlima, kwa mwendo wa kilomita 20 au 25, upepo kidogo wa mbele ulikutana na upepo wa feni unaotoka nyuma, pande mbili zikashikana mieleka ndani ya rejeta, hewa ikasimama. Na hapo ndipo injini inapofanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote.

Akazigeuza zile nyaya, akazifunga vizuri. Risiti ikanasa. Injini ilipokuwa imepoa kabisa, akafungua mfuniko, akawasha gari na kutazama kama mapovu yanapanda mfululizo katika maji, dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua na gesi ya moto inaingia upande wa maji. Hayakuwapo. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akatazama chini ya kifuniko cha oili kama kuna utandu mweupe. Haukuwapo. Halafu akanituma dukani nikanunue thamostati, na kabla ya kuifunga akaipeleka kwa mama lishe jirani, akaomba aitumbukize kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa motoni. Tukasimama watu watatu tukiitazama. Ikaanza kufunguka kabla maji hayajachemka. Ndipo akaifunga.

Bei yake ilikuwa shilingi 15,000. Nami nakiri hapa, mbele ya wasomaji wangu, kwamba neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa, “Kwa nyaya mbili tu?” Sikulitamka, lakini lilikuja. Mtu aliyelipa zaidi ya laki nne kwa kubahatishiwa bila kunung'unika aliona elfu kumi na tano ni nyingi kwa kuambiwa ukweli. Tulifika Lushoto saa moja usiku, na mke wangu akaenda moja kwa moja kwenye kaburi la kaka yake akiwa na tochi.

Sasa nasema. Sisi wenye magari ndio tulioyafanya mafundi wetu yawe kama yalivyo. Mtu akinunua pampu huiona, huishika, huiweka mezani, huonyesha risiti yake kwa jirani. Fikra ya fundi haina boksi. Kwa hiyo tunalipa boksi na kuidhulumu fikra. Fundi anayekaa nusu saa akiuliza maswali tunamwona hajui kazi. Fundi anayechukua spana kabla hujamaliza kusema tunamwona hodari. Fundi naye ana watoto wa kulisha. Akigundua kwamba hatalipwa kwa kutafuta bali kwa kufunga, atafunga. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Wapo watakaonijibu kwamba nchi yetu ni maskini, hatuna zile mashine za kupimia wanazotumia wenzetu. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi na silikubali hata kidogo. Yule bwana wa Mombo alipima kwa risiti, kwa sufuria ya mama lishe, kwa macho, na kwa maswali sita. Kitu gani hapo kinaagizwa ng'ambo? Na kama ni umaskini, basi maskini ndiye hasa asiyepaswa kubahatisha. Tajiri akinunua pampu isiyohitajika amepoteza fedha. Mimi nilipoinunua nilipoteza ada ya mjukuu.

Wapo pia watakaosema shida ni kwamba mafundi wetu hawakusoma. Hili linaniuma zaidi, maana siku ile chini ya mwembe aliyesoma alikuwa mimi. Aliyeuliza alikuwa yeye. Kwa miaka 37 nilitoa alama kwa majibu. Mwanachuo aliyeandika jibu sahihi bila kujua limetoka wapi alipata vema yake. Aliyeandika, “Bado sijui, lakini ningeanza kwa kupima hiki na hiki,” nilimpa sifuri, tena kwa wino mwekundu. Walimu niliowalea hivyo wamekwenda kulea watoto hivyo, na baadhi ya watoto hao leo wako gereji, wanatoa majibu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, tuliwaambia, kisha tukawaadhibu waliouliza.

Na lile neno la kutoa thamostati kwa sababu ya joto letu, nalo lizikwe. Injini haijui Afrika wala Ulaya. Inajua joto lake yenyewe. Imetengenezwa ifanye kazi ikiwa na joto maalumu, na thamostati nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Zaidi ya hapo, katika injini nyingi thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto huzunguka humo humo bila kupozwa. Umemfukuza mlinzi kwa kosa la kufunga mlango, kumbe ndiye aliyekuwa akifunga mlango wa wezi. Ndiyo maana gari langu, baada ya kutibiwa namna hiyo, lilichemsha mapema zaidi.

Nashauri nini basi? La kwanza, gari lililoanza kuugua baada ya matengenezo lichunguzwe kwanza pale palipoguswa. Ugonjwa wangu wa kwanza ulikuwa ufa wa rejeta, nao ulipona siku ile ile. Wa pili ulizaliwa na tiba ya kwanza, nasi tukahangaika kutafuta wa tatu, wa nne na wa tano. Mfumo wa maji ukifunguliwa na kufungwa, mambo yanayoweza kuharibika hapo yanahesabika. Hewa inaweza kunaswa ndani, maji yakashindwa kuzunguka. Basi hujazwa polepole, pua ya gari ikiwa imeinuliwa na hita ikiwa imefunguliwa kwenye joto, mpaka mapovu yaishe. Mfuniko unaweza kuwa si wake au mpira wake umechoka. Thamostati inaweza kuwa imefungwa kichwa chini. Mkanda wa pampu unaweza kuwa umelegea. Mpira wa chini wa rejeta, ukiwa laini, unaweza kubonyea kwa mvuto wa pampu na kuziba njia. Kava linaloizunguka feni linaweza kuwa limeachwa sakafuni. Na nyaya zinaweza kuwa zimegeuzwa. Haya yote yanaweza kutazamwa asubuhi moja kabla ya kununua hata skrubu.

La pili, uliza lini. Gari linalochemsha likienda polepole au likisimama, na kupoa likikimbia, aghalabu limekosa upepo. Tazama feni na vitu vyake. Linalochemsha likikimbia au likivuta mzigo, na kutulia mjini, aghalabu maji yake hayazunguki vya kutosha au rejeta imeziba. Linalopoteza maji kila siku bila tone chini, hofia gasketi. Na kabla ya yote hayo, hakikisha kwamba mshale wa joto wenyewe hausemi uongo, maana hata shahidi huhojiwa.

La tatu, kabla hujatoa fedha ya spea, mwulize fundi wako swali moja kwa adabu: “Utajuaje kuwa ni hiki?” Akiwa na jibu, mlipe kwa jibu hilo peke yake, kabla na mbali na kazi ya kufunga. Akisema, “Tubadilishe tuone,” mshukuru, uondoke. Na gari likishatengenezwa, usilijaribu mahali lilipokuwa halijawahi kuugua. Sisi tulilijaribu gereji na tambarare mara tatu, tukafurahi mara tatu, na mlima ulikuwa pale pale unatungoja.

La nne halina mjadala. Rejeta ya moto haifunguliwi. Zima injini, inua boneti, keti kivulini. Ukiweza kushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kuungua na ukiubonyeza unabonyea kwa urahisi, ndipo ufungue, tena kwa kuzungusha kidogo na kusikiliza. Maziko yatakungoja au hayatakungoja; kesi pia, mkutano pia. Nimekaa na swali hili miaka mingi sasa, na bado sijapata shughuli hata moja iliyostahili kile nilichomwagiza yule kijana.

Yeye alikaa wodini wiki tatu. Gharama za matibabu nililipa mimi, na hilo silisemi kwa kujisifu. Bega na shingo vimebaki na makovu, na kiwiko cha mkono wa kulia hakinyooki sawasawa. Kazi ya gereji aliiacha. Sasa ana duka dogo la vifaa vya baiskeli. Injini yangu ilisalimika kabisa, haikuhitaji hata gasketi, na mpaka leo inapanda Lushoto na kurudi.

Nilikwenda dukani kwake mwaka juzi kumnunulia mjukuu wangu mpira wa baiskeli. Aliniamkia vizuri, akanipa kiti. Tukazungumza habari za mama yake na za mvua. Nilipoinuka kuaga, akaniambia kwa sauti ya kawaida, bila kisirani, kama mtu anayekumbushia jambo dogo, “Lakini Mwalimu, mimi nilisema tungoje.”

Ni kweli. Alisema. Katika gari lile alikuwapo mtu mmoja aliyejua la kufanya, na mkubwa wake akamnyamazisha.